Kasongo na Kabambare: Rejista ya kituo cha afya inasafiri, nani anaisoma njiani?

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, Kasongo ao Kabambare, anafungua rejista na kuhesabu: malaria ngapi, wamama wangapi wamezaa, watoto wangapi wamepata chanjo. Ripoti inapanda moto mpaka biro ya zoni ya afya. Pale inaingizwa ndani ya DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwe, yenye inatumika katika nchi yetu ya zoni za afya 519. Halafu Kindu na Kinshasa wanaiona. Kolera na surua hazingoje mwezi, zinatangazwa kila wiki.

Kuna watu wenye kazi yao ni kujenga hiyo njia. Wanaitwa mainjinia wa data. Ni kama fundi wa bomba: maji yatoke chemchemi na kufika bila kupotea na bila mtu kutia uchafu. Wanapanga nani aone nini, wanafunga habari kwa ufunguo wa siri ikiwa inasafiri, na kila mwenye kuifungua anaacha alama.

Mwizi wa intaneti yuko kweli. Tarehe 18 mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wezi wameingia kwenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengana na jamaa zao. Waliingia tangu tarehe 9 mwezi wa 11, sababu programu moja haikuwekewa marekebisho ya usalama. Siku 70 nzima! Huku kwetu, ambako vita vya Salamabila vilikimbiza watu, hiyo siyo habari ya Wazungu peke yao.

Lakini mimi naona tundu kubwa iko karibu zaidi. Rezo inapatikana dakika tano juu ya kilima, basi mtu anapiga picha ya rejista na kuituma kwa WhatsApp. Ni haraka, na pengine inaokoa mgonjwa. Ile picha iko na jina, kijiji na ugonjwa. Inabaki ndani ya simu, na simu inaazimwa, inauzwa, inapelekwa kwa fundi. Pale kwenye bariere, mwenye silaha akisema "fungua", utafanya nini?

Hata namba bila jina inasema. Kituo kidogo kikiandika "ubakaji: 1", kijiji kizima kinajua ni nani. Ndiyo maana mjenzi mwenye akili anaunganisha hesabu ndogo kama hizo na za vituo vingine mbele ya kuzionyesha kwa watu wengi. Daktari wa zoni peke yake ndiye anabaki na hesabu kamili, apate kuagiza dawa.

Sheria iko: Kodi ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu, hata za afya yake. Lakini sheria haifungi simu.

Na dawa ya kuzuia VIH baada ya ubakaji inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Mama mwenye kuogopa kwamba jina lake litatembea anabaki nyumbani, na zile saa zinapita.