Bunduki ya Fahari

Ukimsikia mtu wa Bukoba au Muleba ataka kuuza shamba lake la migomba na kahawa anunue bunduki ghali ya kuwindia, muulize: utawinda wapi? Mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuwindwi. Kwingineko kuwinda kwataka kibali, bunduki yataka leseni, na risasi zataka fedha. Kitoweo hicho chashinda ng'ombe mzima kwa bei!

Kuwinda ni halali. Kilicho kibaya ni israfu. Mgomba hulisha watoto. Bunduki iliyotundikwa ukutani hulisha macho ya wageni. Usiuze chakula ukanunua sifa.