Sikio Chini ya Mtandio



Siku hizi nyumba nyingi za pwani zina mwana anayesoma bara, na Meru na Embu ni miongoni mwa miji inayowapokea watoto wetu. Binti huondoka na sanduku, nasaha na dua. Mama hubaki na simu. Simu huleta sauti, haileti sura. Hayo tumejifunza kwa mwanetu mmoja, ambaye ameturidhia tusimulie yaliyomfika madhali hatumtaji jina.

Alikuwa akisoma Embu. Siku moja alifuatana na wenzake mjini, wakatogwa masikio kwa ile bunduki ndogo ya plastiki. Ndewe za chini alikuwa nazo tangu utotoni. Safari hii alitogwa ukingo wa juu, palipo pagumu. Siku ya nne sikio likaanza kupwita. Akanunua amoksilini, akameza, akangoja. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Embu wakati huo haina mzaha, hivyo hakuna aliyestaajabu kumwona amejitanda mtandio mzito na kofia ya sufu juu yake. Mamake alipompigia simu, jibu lilikuwa moja: "Alhamdulillahi, mama, niko salama."

Siku ya kumi alipanda matatu kwenda Meru kwa shangazi yake, kwa ile barabara inayouzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki kupitia Chuka. Jioni shangazi alimwona akitawadha. Alipopaka masikio maji, moja alilipita.

"Mbona hilo jingine umelinyima maji?"

"Si kitu, shangazi."

"Vua mtandio, mwanangu. Humu ndani hamna mwanamume."

Akavua. Sikio lilikuwa limevimba, jekundu lenye kung'aa, limesimama mbali na kichwa. Ndewe ya chini peke yake ilikuwa kama ilivyoumbwa. Binti akaanza kulia. "Mama asijue, shangazi. Atanigombeza."

"Mama atajua," shangazi akamjibu, "lakini kwanza atajua daktari."

Maradhi hayo matabibu huyaita perikondraitisi. Ili tuyafahamu, natushike masikio yetu wenyewe. Chini pana nyama laini, ndipo mahali pa ndewe. Juu yake sikio lote limeundwa kwa gegedu, ule ufupa mwororo unaokunjika na kurudi. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando mwembamba ulioligandama pande zote. Vijidudu vikiingia baina ya utando na gegedu, usaha hujaa hapo, utando hubanduka, na gegedu hukatiwa riziki yake. Likikaa hivyo bila ya kutibiwa hufa, na gegedu lililokufa halioti tena. Sikio hunywea na kujikunja, na huko kujikunja hakurudi nyuma ila kwa upasuaji mgumu, pengine hata kwa huo lisirudi lilivyokuwa.

Ndiyo maana ile alama ya ndewe ni muhimu kuikumbuka. Sikio likiwa jekundu, la moto, lenye uvimbe na maumivu upande wa juu, ilhali nyama ya chini ni salama, basi tatizo huenda limo kwenye utando wa gegedu. Hilo si jambo la kungojea.

Kwa nini amoksilini haikumfaa? Kidudu kinachoyaleta maradhi haya mara nyingi zaidi, hasa baada ya kutogwa, huitwa sudomonasi. Kidudu hicho hupenda maji na unyevu, na dawa za kawaida tunazozinunua bila ya kuandikiwa haziwezi kukiua. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon huko Marekani, vijana 7 walithibitishwa kuambukizwa kidudu hicho baada ya kutogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha biashara. Wachunguzi walikikuta ndani ya chupa ya dawa iliyokuwa ikitumiwa kusafishia. Wengi wao walianza kutibiwa kwa dawa zisizokiweza, wanne wakalazwa hospitalini, na baadhi yao walibaki na sikio lililoharibika umbo. Ikiwa hayo yaliwafika wenye hospitali za kila namna, sisi tusiseme kwamba ni kipele tu kitapoa.

Mwanetu alifikishwa hospitalini usiku ule ule. Daktari alilitia ganzi sikio, akapasua, akatoa usaha na kuusafirisha kwenye maabara, kisha akalifunga kwa namna ya kuubana utando urejee kwenye gegedu. Akambadilishia dawa, akampa siprofloksasini, ambayo hukiweza kidudu hicho. Dawa hiyo nayo haifai kununuliwa kwa kukisia, kwani si ya kila umri wala ya kila hali, na mwenye mimba ni lazima amweleze daktari. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La mwanetu lilisikia, lakini kwa kuchelewa: ukingo wa juu umebonyea kidogo, na miwani yake haikai sawa tena.

Hatuandiki haya ili kuharamisha pambo. Wanazuoni wengi wameruhusu binti kutogwa masikio. Tunazo habari za wanawake wa Madina siku ya Idi, walipohimizwa sadaka, wakavua herini na pete zao wakazitupa katika nguo ya Bilal, Allah awe radhi naye na wao. Nyanya zetu wa pwani walivaa majasi katika ndewe, na wazee wa Meru na Embu pia walitoga masikio na kuyapanua, tangu zamani kabla ya shule na misheni. Pambo ni letu sote. Bali nafsi na viungo ni amana, na dini yetu haikutuagiza tujidhuru wala tuache kujitibu.

Basi tuwaambie mabinti zetu waziwazi. Nyama ya chini hupona kwa wiki chache; gegedu huhitaji miezi mingi, pengine hata mwaka. Bunduki ya kutogea hulibonda gegedu, na ile ya plastiki haiwezi kuchemshwa kama vyombo vya hospitali. Anayetaka kutogwa atafute mtu mwenye sindano mpya, glavu na mikono iliyooshwa, na aridhike na ndewe za chini. Kidonda kibichi kisiingizwe baharini wala kwenye bwawa, kisipakwe majivu wala dawa ya meno, na kisikamuliwe. Tukumbuke pia kwamba hata asiyetogwa huweza kuugua: kitana cha moto kikimuunguza ukingo wa sikio, pini ya mtandio ikimchoma, au mdudu akimuuma.

Kuhusu udhu, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu twayafuata, kupaka masikio maji ni sunna. Mwenye kidonda kinachodhuriwa na maji amuulize sheikh wake, wala asiteseke kwa kuona haya. Mtandio nao uwe safi na mwepesi, ubadilishwe kila siku, na usiku sikio lipate hewa.

Kwa walio mbali nasi, Embu kuna hospitali kubwa ya Level 5, Meru mjini kuna hospitali ya mafunzo na rufaa, na hapa Mombasa ipo Coast General. Mgonjwa aulizie daktari wa masikio, pua na koo, na aseme mapema kwamba alitogwa, tena lini na wapi.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi mama. Tulipomuuliza mwanetu ni nini kilichomnyamazisha siku kumi, hakutaja umbali wala fedha. Alisema aliogopa maneno ya mamake. Mamake alikuwapo, akainamisha kichwa. Akasema, "Ningemgombeza, ni kweli. Ningeanza na hilo."

Hatusemi mzazi asikemee. Mtoto aliyefanya jambo bila ya idhini ana haki ya kuelezwa kosa lake. Lakini kukemea kuna wakati wake, na sikio lenye usaha halina siku kumi za kungoja hasira zetu zitue. Mtoto akijua kwamba akikuletea jeraha utalitazama jeraha kwanza, atakuletea lingali dogo. Akijua kwamba atapokewa kwa ukali, atalifunika, na mtandio tuliomfundisha kwa stara utageuka kuwa pazia la maradhi.

Wiki hii, mwenye binti aliye mbali na ampigie simu, na baada ya kumuuliza habari za masomo amwambie hivi: likikufika lolote mwilini, hata kama umelitafuta mwenyewe, niambie mimi mwanzo. Na mwenye binti aliye nyumbani amsuke nywele kwa mkono wake, amtazame masikio.

Allah awahifadhi watoto wetu, wa karibu na wa mbali, na awape shifaa walio wagonjwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.