Kifaru Hakuna Kamba

Kifaru hakuna kamba. Msafiri anayeteremka hapo, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Same, upande mmoja milima ya Upare na upande wa pili nyika kavu, akiuliza kitoweo cha majini ataoneshwa perege na kambare wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kamba wa baharini atawakuta mwisho wa mto, Pangani. Hata hivyo, ugomvi wa kamba uliozuka mwambao hauna shahidi mwema kuliko watu wa pande hizo za bara, nao ndio hawajaulizwa.

Ugomvi wenyewe ni huu. Wapo wanaomshauri mtupa kimia wa hori na mikokoni anunue mashine ya kusakia samaki, ile inayopeleka sauti chini ya maji na kuusoma mwangwi wake kiooni. Mvuvi wetu, wanasema, ni maskini kwa sababu haoni. Akioneshwa kamba walipo atatupa kimia mara moja pahala pa mara kumi, na jioni kikapu kitajaa. Maneno haya yana ladha ya maendeleo, na katika miaka ambayo boti za mkopo zimegawiwa Bara na Visiwani, ni nani atakayethubutu kuyapinga asiitwe adui wa maendeleo?

Ayapinge, maana mashine yenyewe inayapinga. Mwangwi wenye nguvu hutoka pale sauti inapokutana na hewa, na samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, ndicho kinachowafichua. Kamba hana kibofu. Mwili wake umekaribiana mno na maji yanayomzunguka, kwa hiyo mwangwi wake ni hafifu, na kwa kuwa hupenda kukaa chini, wengine wakijifukia matopeni, mwangwi huo hafifu humezwa na mwangwi wa sakafu ya bahari. Kiooni huonekana ukungu tu juu ya tope. Ukungu huo waweza kuwa kamba. Waweza pia kuwa majani, vumbi la tope lililotimuliwa na maji kupwa, au uduvi usiofaa kimia.

Halafu kuna hesabu, ambayo wauzaji hawaitaji. Mashine nyingi za bei nafuu hupeleka sauti kwa umbo la pia, pembe yake kama nyuzi 20. Katika maji ya kina cha mita tatu, duara linaloonwa chini halizidi sana mita moja kwa upana. Kimia kikifunguka vyema hufunika upana wa mita tatu au nne. Yaani mtu anashauriwa atoe laki kadhaa za shilingi anunue jicho lililo dogo kuliko wavu alioushika mkononi! Na hori nyingi, maji yakishapwa, hazifiki hata mita hizo tatu.

Haki itendeke: kwenye maji makubwa mashine hii ina kazi yake. Humwonesha nahodha kina, humtenganishia mwamba na tope, humwonesha kundi la samaki lililosimama katikati ya maji. Mvuvi anayekwenda mbali usiku hana sababu ya kuikataa. Lakini mtupa kimia ameshajua tope liko wapi. Amesimama ndani yake mpaka magotini. Anachofuata yeye ni bamvua na maji mafu, na ile saa ambayo maji yanaihama mikoko na kamba wanahama nayo kuelekea mdomo wa hori. Hapo ndipo hukaa akawangoja.

Upande wa pili wa ugomvi wamesimama washairi, na wao pia hawasalimiki. Kila ikitajwa mashine, huletwa mzee anayesikiliza bahari kwa sikio lake, anayeongea na mwezi, asiyechukua ila riziki ya siku. Vina hutimia na mizani husimama, lakini mzee huyo ni wa kubuni. Mzee wa kweli ana wajukuu wa kulisha, na wavu wa matundu madogo ukimjia kwa bei rahisi hununua. Kumtukuza ni kumkwepa. Wapenzi wa mashine na wapenzi wa mzee wanakosana juu ya jambo moja tu, nalo ni nani aonaye vizuri zaidi. Hakuna upande unaouliza kama kilichobaki cha kuonwa kinatosha.

Basi na aitwe shahidi wa Kifaru. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa kuuzuia mto Pangani, hapo mto Kikuletwa na mto Ruvu unaotoka ziwa Jipe yanapokutana maji yake. Perege walijaa mno. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 20,000, na watu walihamia bwawani kutoka pande za mbali. Halafu mavuno yakaanguka vibaya. Hapakuwa na mashine hata moja. Palikuwa na mitumbwi, nyavu za matundu madogo, na makokoro, ambayo mwambao huyajua kwa jina la juya. Maji yale hayana kina kirefu na kila mtu alijua perege wanazalia wapi. Kujua huko ndiko kulikowamaliza. Mwaka 2016 Serikali ililifunga bwawa kwa wavuvi ili samaki wapate kuzaliana, na nyumba zilizoishi kwa perege zikakaa bila perege.

Na wenye mashine je? Meli za kukokota nyavu zilizovua kamba Rufiji, Bagamoyo na Saadani hazikukosa vyombo vya kupimia maji. Mavuno yao yalishuka hadi Tanzania ikausimamisha uvuvi huo mwaka 2007. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2006 katika ghuba ya Ungwana. Wenye jicho na wasio na jicho wamefika mlango mmoja.

Kamba huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Huzaliwa baharini, huingia mikokoni akiwa mdogo kama chembe, hukulia katika maji yaliyochanganyika chumvi na tamu, kisha hutoka. Hayo maji matamu ya Pangani yamepita Nyumba ya Mungu kwanza, yakapungua, yakazuiwa, yakanywesha mashamba, na huko mdomoni chumvi inapanda mto kwa sababu yanayoshuka hayaisukumi tena kama zamani. Mkoko unaokatwa kwa boriti na kuni ni nyumba ya kamba inayobomolewa. Hayo mashine haiyaoni, wala shairi la mzee halijayataja.

Wanaotaka kumsaidia mtupa kimia wana kazi mbili zisizouzwa dukani. Wakae naye, wakubaliane miezi ambayo hori zifungwe ili wadogo watoke salama, na asiyevua miezi hiyo ajue atakula nini. Kisha wapande gari hadi Kifaru, wakawaulize wanaogawana maji ya mto ni kiasi gani kitaachwa kishuke hadi Pangani.