MAUA YA KARATASI SI MCHEZO WA WATOTO

Wahenga walinena, chanda chema huvikwa pete. Msemo huo ni mtamu, na katika harusi za hapa Sondu hausahauliki: mshereheshaji lazima autaje, tena kwa kipaza sauti. Lakini nina swali dogo kwenu wenzangu, na kwenu walimu wetu wapendwa. Je, vile vyanda kumi vilivyotengeneza shada alilolishika bi harusi, vyenyewe huvikwa nini? Mara nyingi havivikwi chochote. Mwenyewe huambiwa, "Asante kijana, Mungu akubariki," na mambo yakaishia hapo.

Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini naamini kutengeneza maua ya karatasi ni kazi kamili, tena inayostahili heshima na malipo.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoidharau hawajawahi kuishika. Waridi la karatasi huanza na krepu, ile karatasi yenye mikunjo midogo midogo. Mikunjo hiyo hupanga mstari upande mmoja, na karatasi huvutika upande mmoja tu. Kwa hivyo petali hukatwa mikunjo ikitoka chini kwenda juu. Ukishaikata, unaishika kwa vidole gumba viwili na kuivuta katikati polepole hadi ifanye shimo kama kijiko. Ukikata kinyume, hata uvute mpaka jioni, haivutiki; itararuka tu. Kisha ncha ya petali huzungushwa kwenye penseli ili ijikunje. Petali ya kwanza huviringishwa kwenye waya na kufungwa kwa uzi. Zinazofuata hupangwa moja moja, kila moja ikifunika nusu ya mwenzake. Mwisho unazungusha ukanda wa krepu ya kijani wenye gundi, kutoka shingo ya ua hadi chini ya waya.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Waridi zuri lina petali kama 15. Shada la maua 20 basi lina petali 300, na kila moja imekatwa, imevutwa, imekunjwa na kufungwa kwa mkono. Mimi niliyezoea hutumia dakika 20 kwa ua moja. Maua 20 ni dakika 400, yaani saa sita na dakika arobaini, na hapo sijahesabu majani wala utepe.

Mwaka jana niliagizwa shada la namna hiyo. Vifaa vilinigharimu shilingi 380, na tulikuwa tumeelewana 1,200. Siku ya kulichukua, mama aliyeniagiza alilitazama, akaligeuzageuza, akalisifu sana. Halafu akanipa shilingi 400.

"Kijana wangu," akasema, "kwani si ni karatasi tu?"

Nikamjibu kwa adabu, "Ni kweli mama. Hata noti ulizonipa ni karatasi tu."

Akacheka sana, akaongeza mia mbili, akaenda zake. Ukitoa gharama, nilibaki na shilingi 220 kwa kazi ya karibu saa saba. Hiyo ni kama shilingi 33 kwa saa. Katika harusi hiyo hiyo, mwenye hema alilipwa kabla hajachomeka hata kigingi kimoja, na hakuna aliyemwambia kuwa ni turubai tu. Mwenye muziki naye hakuambiwa kuwa ni kelele tu. Mbona basi kazi ya mkono ndiyo ihesabiwe kwa bei ya karatasi?

Wako wanaosema kuwa shada la kweli ni la waridi halisi. Siwapingi, waridi ni zuri, na Kenya inasifika kwa maua. Mashamba ya Naivasha hupeleka maua Uholanzi na Uingereza kwa ndege, katika vyumba vya baridi. Lakini barabara ya kuja Sondu haina chumba cha baridi. Ua likisafirishwa kupitia Nakuru na Kericho, likafika hapa kwenye joto letu, na nyote mnajua kuwa harusi ya saa nne huanza saa nane, wakati wa picha linakuwa limeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa kufanya kazi ya ziada. La karatasi halisinzii.

Tena tukumbuke kuwa shada lenyewe ni mgeni kwetu. Babu zetu Waluo walipeleka ng'ombe kwa wakwe, wala hakuna bibi aliyeulizwa kama ameshika maua. Kule pwani, Waswahili wana asumini na vikuba vyao tangu zamani, na maua hayo huota nyumbani kwao. Sisi shada tuliletewa pamoja na harusi za kanisani na gauni jeupe. Basi ikiwa mgeni ni mgeni, nani aliyeamua kuwa lazima atoke Naivasha?

Wengine hukimbilia maua ya plastiki kutoka China kwa kuwa ni rahisi na yanadumu. Kudumu huko ndiko balaa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, nasi tukapiga makofi. Leo tunaogopa kubeba mfuko mmoja wa plastiki, lakini tunabeba shada zima la plastiki hadi madhabahuni! Baada ya harusi litakaa kabatini miaka miwili, kisha litatupwa. Mvua itakapokuja itabeba kila kitu hadi mtoni, na mto wetu wa Sondu Miriu unamwaga maji yake Ziwa Victoria, wanakokaa samaki tunaowala.

Sitaki mnifikirie kuwa nasifu tu bila kuona kasoro. Krepu na maji ni maadui. Tone moja la mvua likiangukia waridi jekundu, rangi huchuja, na gauni jeupe litapata madoa yasiyotoka. Mwezi wa Aprili huku kwetu hilo si jambo la kubahatisha. Dawa ipo: ua hutumbukizwa haraka katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, likatolewa na kutikiswa. Nta ikishika, maji huteleza kama kwenye jani la yugwa. Lakini hiyo nayo ni gharama na muda zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kulipwa.

Na malighafi je? Ziwani kuna gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini na kuvamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukawafungia wavuvi njia. Kisumu kuna vikundi vilivyojifunza kuugeuza kuwa karatasi: mashina hukatwakatwa, huchemshwa, hupondwa pamoja na karatasi kuukuu, kisha rojo hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa juani. Karatasi hiyo ni nene na ina nyuzi. Haifai kwa petali za waridi, lakini kwa majani haina mpinzani. Hebu fikirieni: adui wa mvuvi anakuwa pambo la harusi ya binti yake.

Sasa nije kwa wavulana wenzangu, maana kelele nyingi hutoka kwenu. "Omera, hiyo ni kazi ya wasichana!" Kweli? Nendeni Dunga mkaone ni nani wanaokaa chini ya miti wakishona nyavu, tundu kwa tundu, kwa subira. Ni wanaume wenye ndevu. Pitieni sokoni kwetu mhesabu mafundi wa cherehani walio wanaume. Vidole havina jinsia. Kuna vyepesi na vizito, basi. Na anayesema kuwa kazi hii inaharibu masomo, anieleze: ua la petali tano huzigawa nyuzi 360 mara ngapi? Mimi nyuzi 72 nilizijua kwa makasi kabla ya kuziona ubaoni.

Wapo pia wanaodai eti maua ya karatasi ni ya msibani. Waridi halisi nalo hupelekwa msibani, na bado linakwenda harusini. Ua halijui linakopelekwa.

Kuna jambo jingine lililo moyoni mwangu. Soko letu liko mpakani, Kisumu upande huu na Kericho upande ule. Mwaka wa 2023 mapigano yalizuka hapa, watu wakafa, maduka yakafungwa. Aliyenifundisha kuvuta petali ni mama mshonaji wa upande wa Kericho, nami ni wa upande wa Nyakach. Hakuniuliza jina la babangu. Aliniuliza kama mikono yangu ni safi. Nimeona maua yake yakishikwa na maharusi wa pande zote mbili, na sijaona hata mmoja aliyeuliza yalikatwa na kabila gani. Kazi za mikono zikifa hapa Sondu, tutabaki na nini cha kutukutanisha, ila mabishano?

Nitoe basi mapendekezo yangu. Kwanza, chama chetu kitenge saa moja kila wiki kwa kazi za mikono, wavulana na wasichana pamoja. Katika mfumo wa 8-4-4 sanaa na ufundi zilipata kutahiniwa katika KCPE, baadaye zikaondolewa kwenye mtihani, na wengi wetu tukafika hapa bila kujua kushika makasi. Pili, meza za siku ya kutoa tuzo zipambwe kwa maua yetu badala ya plastiki. Tatu, na hili ndilo kubwa, tuwe na bei iliyoandikwa, inayohesabu vifaa na saa za kazi, na mteja alipe nusu kabla kazi haijaanza. Hivyo ndivyo afanyavyo mwenye hema, na hakuna anayemwita mchoyo.

Kwenu walimu na wazazi, nawaomba jambo moja. Mtoto akikuletea alichokitengeneza kwa mikono yake, usimwambie "vizuri" halafu ukamlipa nusu. Sifa hazinunui waya. Anayelipwa vibaya mara tatu, mara ya nne huacha, kisha sisi sote hulalamika kuwa vijana hawapendi kazi.

Naam, chanda chema na kivikwe pete, wala sina kinyongo. Ila siku hiyo hiyo, kabla keki haijakatwa, kile chanda kilichofunga shada nacho kipewe haki yake. Mgala muueni na haki mpeni.