Makato ya Nyumba Tunalipa. Riba Je?



Mwisho wa mwezi ukifungua peslipu, kuna mstari mmoja mdogo ambao wengi wetu tushauzoea na hatuuangalii tena: makato ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wote. Mwajiri naye anatoa kama hiyo kwa jina lako. Makato haya yalianza mwaka 2023, Mahakama Kuu ikayapinga mwezi wa Novemba mwaka huohuo, kisha Machi 2024 yakarudi kwa sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu. Huulizwi dini yako unapokatwa. Lakini ukifika siku ya kuitaka hiyo nyumba, dini yako inakusimamisha mlangoni.

Hebu tupige hesabu ya nyumba moja. Kijana ameoa, ana mtoto mmoja, wanakaa Kisauni vyumba viwili. Mshahara wake ni shilingi 45,000. Ya nyumba inaondoka 675. Ya afya, SHIF, asilimia 2.75, ni kama 1,240. NSSF 2,700. Ya KRA kama 4,500. Kinachofika mkononi ni karibu 35,900. Kodi ya nyumba tuseme elfu 12, halafu maji ya mkokoteni, stima, maziwa ya mtoto, nauli ya kuvuka Nyali kila siku, na mama mzazi ambaye lazima apelekewe kitu. Mke anapika mikate ya sinia na sambusa za oda, mwezi mzuri anaingiza elfu 10, mwezi mbaya elfu 4. Ramadhani anafanya vizuri zaidi, mashaallah, lakini Ramadhani ni mwezi mmoja.

Hawa si watu wavivu, wala si watu wa israfu. Wakijibana sana wanaweka elfu 5. Na hiyo elfu 5 mara nyingi inaliwa na Fuliza, manake tarehe 20 pesa imeisha na unga haungoji mshahara. Ndugu, Fuliza ni deni lenye ada ya kila siku. Masheikh wamelizungumzia, nyinyi mmesikia, hatutarudia hapa. Tunachosema ni kwamba familia inayoishi kwa Fuliza haitajenga, hata ikiachiwa msamaha wa dhambi yake. Kabla ya kufikiria ploti, tafuteni akiba ya mwezi mmoja wa chakula iwe pembeni, hata kama itachukua mwaka mzima kuikusanya.

Sasa turudi kwa serikali. Sheria imegawa watu kwa kipato. Anayepata chini ya elfu 20 ni wa nyumba za kijamii; kutoka elfu 20 hadi 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu; juu ya hapo ni wa tabaka la kati. Kijana wetu yuko kundi la pili. Viwango vilivyotangazwa kwa wanaolipa polepole ni asilimia 3, 6 na 9 kwa mwaka, kufuata makundi hayo. Tuseme nyumba ni milioni 1, ameshatoa laki moja, zimebaki laki 9. Kwa asilimia 6, miaka 25, hesabu ya kawaida ya mkopo inampa kama 5,800 kwa mwezi. Ukiangalia haraka unafurahi, ni nusu ya kodi anayolipa leo! Lakini zidisha. Atalipa karibu milioni 1 na laki 7 na elfu 40 kwa deni la laki 9.

Kuna watakaosema, asilimia 6 ni ndogo, benki za kawaida zinatoza zaidi ya mara mbili. Kweli. Lakini kwetu sisi swali halikuwa udogo. Riba ya asilimia 3 ni riba.

Na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema Waislamu tunalalamika tu. Hatutaki nyumba ya bure wala upendeleo. Serikali inajenga kwa pesa iliyokusanya kama kodi, haikuikopa kwako wala haikuambii ni akiba yako. Basi inashindwa nini kuiuza nyumba ileile kwa bei moja iliyofungwa tangu siku ya kwanza, ikalipwa kwa awamu? Muuzaji kuuza kwa bei ya awamu iliyo juu ya bei ya taslimu, wanazuoni wengi wamekubali, mradi bei ijulikane na isiongezeke mtu akichelewa. Mwenye duka la friji pale Marikiti anaijua biashara hii. Benki za Kiislamu zimekuwa nchini tangu mwaka 2008, na benki kadhaa za kawaida zimefungua madirisha ya kisharia. Utaalamu upo Kenya hii hii. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kifungu, na watu wa kumsukuma aandike.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Ibara ya 27 inakataza serikali kumbagua mtu kwa dini, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Mpango unaomkata kila mtu, kisha ukaweka sharti ambalo kundi moja haliwezi kulitimiza bila kuvunja dini yake, unaangukia wapi? Hilo ni swali la kuulizwa rasmi, kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa, si kwa stetasi.

Je, benki za Kiislamu zenyewe? Zinasaidia, tuseme ukweli wote. Njia yao kubwa ya nyumba ni ushirika unaopungua: wewe na benki mnanunua pamoja, unalipa kodi ya sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande cha sehemu hiyo mpaka nyumba yote ni yako. Ni nzuri, ni safi. Lakini amana yake na kipato wanachotaka kuona ni vya mwalimu mkuu na daktari, si vya kijana wa elfu 45. Hata nchi nzima mikopo ya nyumba ya benki zote haizidi sana elfu 30, kwa watu zaidi ya milioni 47. Kwa hiyo usijione umefeli.

Watu wetu wengi watajenga vile babu zao walivyojenga, ploti kwanza, mawe baadaye, sakafu mwaka unaofuata. Na ploti ndiyo inayotuliza vijana machozi huku Pwani.

Mombasa tuna jambo ambalo ukimwambia mtu wa bara anafikiri unamtania: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umejenga au umeinunua kwa mkataba, lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya kiwanja. Mizizi yake ni ya zamani, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambapo waliojua kuandikisha waliandikisha na wengine wakaamka wageni katika mashamba yao. Siku mwenye kiwanja akiuza, mtu ana nyumba ya mawe na hana pa kuiweka. Kwa hiyo dalali akikuletea "nyumba bei poa sana", swali la kwanza ni hili: unauza nyumba, au unauza nyumba na ardhi?

Usilipe hata shilingi ya kishika mkono kabla ya upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi, ule watu wanauita sachi. Karatasi ya mzee wa mtaa si hati. Barua ya kugawiwa si hati. Mpeleke mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka, maana kuna ploti moja inauzwa kwa watu watatu na wote watatu wana mkataba wa wakili. Uliza pia kama ni wakfu. Ardhi ya wakfu haiuzwi, na anayekuuzia anakutia hasara hapa na hisabu kule.

La mwisho linawahusu wawili ndani ya nyumba, na hili tunaona linavunja familia kuliko umaskini. Dada, kama mahari yako na faida ya sambusa zako zimeingia kwenye ile ploti, jina lako liko wapi? Katika Uislamu mali ya mke ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Lakini sisi tukiambiwa tuandike kati ya mume na mke, tunaona ni kukosa imani. Ati "yeye ni mke wangu, tutaandikiana nini?" Andikeni, na mashahidi wawepo.

Na mkiandikisha hati kwa majina mawili, muwe macho. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina aina mbili. Ya kwanza, mmoja akifa aliyebaki anachukua yote, na hapo wazazi wa marehemu na watoto wake wanakosa fungu lao la mirathi. Ya pili, kila mmoja ana hisa iliyoandikwa, tuseme yeye asilimia 60 na mke 40, na akifa ile 60 ndiyo inayogawiwa kwa warithi, mbele ya Kadhi wakihitilafiana. Ombeni ya pili. Mwambieni wakili kwa mdomo, kisha msome alichoandika kabla ya kutia sahihi, kwa sababu wengi huandika ya kwanza kwa mazoea tu.

Tunakusanya majina ya vijana waliojisajili Boma Yangu na wakasita kwa sababu ya riba. Kama ni wewe, au ni rafiki yako, tutumie ujumbe: uko kaunti gani, uko kundi gani la kipato, umeambiwa nini ulipouliza njia isiyo na riba. Majina hayatachapishwa. Tunataka barua itakayofika kwa Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu na kwa wabunge wetu iwe na watu ndani yake.