Kemikali za Usafi Hazina Mahali Katika Chupa za Maji

Katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania, dawa ya kusafishia choo, jiki na sabuni ya maji huuzwa kwa kipimo. Mteja huja na chupa yake, na iliyo karibu kuliko zote ni ile iliyokwisha maji ya kunywa. Muuzaji humimina, hufunga kizibo, hupokea fedha yake, na kimiminika hicho huingia nyumbani kikiwa na sura ya kinywaji. Biashara hiyo si ya kubezwa. Imewawezesha watu wa kipato kidogo kununua mahitaji ya usafi kwa fedha waliyonayo siku hiyo, na imewapatia riziki kina mama wengi wanaotengeneza sabuni majumbani. Kasoro yake kubwa ni chupa.

Mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi, husoma umbo. Tangu alipoanza kushika vitu ameona kwamba chupa ya namna ile hufunguliwa na kunywewa. Akiikuta nyuma ya mlango wa bafu, hutenda kama alivyoona. Hata hivyo, anapofikishwa hospitalini, swali la kwanza analokutana nalo mzazi mara nyingi ni hili: “Ulikuwa wapi?” Swali hilo halimtibu mtoto, na huweza kumfanya mzazi afiche ukweli ambao mganga anauhitaji. Yafaa kuulizwa mtoto amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na chombo chenyewe kiko wapi. Watu wazima nao hunywa kwa kukosea, hasa umeme unapokatika, na hakuna anayewauliza mama zao walikuwa wapi.

Kemikali hizi hazilingani kwa ukali. Jiki ya kawaida ya nyumbani, yenye takriban asilimia 3 hadi 6 ya haipokloraiti ya sodiamu, ikinywewa kidogo mara nyingi huleta muwasho na kutapika tu. Kostiki soda, inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ni jambo jingine kabisa. Huyeyusha mafuta na protini za ukuta wa umio, na kuzama ndani kwa muda mfupi sana. Mtoto anayevuka siku za mwanzo huweza kuonekana mzima, akanywa uji, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki chache baadaye kovu huanza kukaza umio: kwanza ugali hukwama, kisha uji, na mwishowe hata mate hayapiti. Hapo huanza safari ya kupanuliwa umio mara kwa mara, pengine kwa miaka, na baadhi ya watoto hulishwa kwa mrija uliopitishwa kwenye ukuta wa tumbo.

Marekani iliyapitia hayo karne moja iliyopita. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia, bingwa wa maradhi ya umio na njia ya hewa, aliwahudumia watoto wengi walioungua kwa kemikali za aina hiyo. Hakuridhika na kupanua umio peke yake. Alipigania sheria, na mwaka 1927 ikapitishwa sheria iliyolazimu vifungashio vya kemikali hizo viandikwe kwamba ni sumu na vieleze huduma ya kwanza. Mwaka 1970 ikafuata nyingine, ya vizibo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi.

Tanzania nayo inayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Lakini lebo bora kuliko zote hubaki kwenye pipa la muuzaji pale kemikali inapohamishiwa kwenye chupa nyingine.

Ajali inapokwisha kutokea, mengi yanayofanywa kwa nia njema huongeza madhara. Mtoto asitapishwe, kwa kuwa kemikali itaunguza umio mara ya pili na huweza kuingia mapafuni. Asinyweshwe ndimu wala siki kwa matumaini ya kuzimua sumu, na asilazimishwe kunywa maziwa mengi, ambayo nayo huweza kumtapisha. Asukutue kwa maji safi na kuyatema kama anaweza, ngozi na macho yaoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kisha apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo. Huko, mkaa wa dawa hausaidii dhidi ya kemikali zinazounguza, na mpira wa tumboni usipitishwe kwa kubahatisha. Mdomo usio na vidonda si ushahidi kwamba umio u salama. Mtoto anayetoa udenda, anayekataa kumeza au anayekoroma akivuta pumzi apewe rufaa mapema, ili pale kipimo cha endoskopi kinapopatikana kifanyike ndani ya saa 24.

(Kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, ambako hutoa gesi ya klorini, kunastahili makala yake.)

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeuliza juu ya chandarua na choo anaweza kuuliza pia: jiki iko katika chombo gani, nacho kimewekwa wapi? Mahali pafaapo ni kabati lenye kufuli au rafu ya juu. Muuzaji naye akatae kumimina kemikali kwenye chupa ya maji, ya soda au ya mafuta ya kupikia. Awe na vidumu vya rangi moja, visivyofanana na chombo chochote cha kinywaji, vyenye mchoro wa fuvu kwa wasiojua kusoma. Vidumu hivyo vina bei, na mnunuzi wa kipimo kidogo ataihisi. Basi ailipe mara moja kama amana, aje na kidumu kilekile kila anaponunua, na arudishiwe fedha yake siku atakapokirejesha, kama ilivyozoeleka kwa chupa za soda za kioo.