Wachezaji wa zamani tuwapime kwa haki

Kuna maneno yanayosemwa sana siku hizi na vijana wetu wapenda kandanda. Husema kwamba wachezaji wa zamani walikuwa wazito, kwamba mabeki wa siku hizo walisimama kama milingoti, na kwamba Pelé angekuwa kijana leo asingepata hata nafasi ya akiba katika klabu kubwa ya Ulaya. Maneno haya hayatoki hewani. Vijana hawa wamewaona hao wa zamani kwa macho yao, katika simu zao, katika vipande vya dakika mbili au tatu. Kwa kuwa wameona, basi kwao kesi imekwisha.

Mimi nasema kesi haijaanza hata kusikizwa.

Jambo hili si ubishi wa kibandani tu. Wakongwe wa kabumbu wanatutoka mmoja mmoja. Eusébio alifariki Januari 2014. Pelé alituacha tarehe 29 Desemba 2022, Bobby Charlton akafuata Oktoba 2023, naye Franz Beckenbauer Januari 2024. Hapa kwetu tulimzika Joe Kadenge mwaka 2019, na Februari 2025 akaondoka Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ilikuwa macho ya Wakenya wengi. Wachezaji wakishakwenda, na waliokuwa wakiwatazama kutoka majukwaani wakienda pia, shahidi atakayebaki ni picha. Basi yatupasa kujua shahidi huyu anasema nini, na anaficha nini.

VIPANDE SI MCHEZO

Chukua fainali ya Kombe la Ulaya ya mwaka 1960, iliyochezwa uwanja wa Hampden Park, Glasgow, mbele ya watu zaidi ya 120,000. Real Madrid iliitandika Eintracht Frankfurt mabao 7-3. Ferenc Puskás alifunga manne, Alfredo Di Stéfano matatu. Anayetazama mabao peke yake atadhani Wajerumani hao walikuwa watoto wa shule. Lakini Frankfurt ndio waliotangulia kuona lango siku hiyo, na kabla ya hapo walikuwa wameifunga Rangers ya Scotland jumla ya mabao 12-4 katika michezo miwili ya nusu fainali. Hawakuwa watoto.

Filamu ya mchezo huo ipo, na nimeitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachonishangaza si yale mabao. Ni Di Stéfano kabla ya mabao. Unamwona karibu na mlinda lango wake akiuomba mpira. Unamwona katikati ya uwanja akiwaelekeza wenzake kwa mkono, huyu aende kushoto, yule asubiri. Kisha, kabla hujatambua, yumo ndani ya eneo la hatari la adui akimalizia kazi aliyoianza mwenyewe. Leo tunawasifu wachezaji wanaocheza kila mahali kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Mtu huyu alikuwa akifanya hivyo zaidi ya miaka sitini iliyopita. Kipande cha dakika mbili hakiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu aliyekata kipande alitafuta bao tu.

KWA NINI WANAONEKANA WAZITO

Tuwe wakweli. Wachezaji wa leo wana mbio zaidi na pumzi zaidi. Wana madaktari, wana wataalamu wa chakula, wana nyasi zilizolazwa kama zulia. Anayekataa hilo anajidanganya. Lakini Mgalla muue na haki umpe. Zipo sababu zinazofanya mpira wa kale uonekane mzito kuliko ulivyokuwa, na kila mtazamaji anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kamera. Zamani zilikuwa chache, nazo ziliwekwa juu na mbali. Leo mchezo mkubwa una kamera nyingi, nyingine chini kabisa kando ya mstari, na tukio moja hurudiwa mara nne kutoka pande nne. Mtu yule yule akikimbia karibu na kamera anaonekana kama risasi, na akikimbia mbali nayo anaonekana kama anatembea.

Ya pili ni mpira wenyewe na uwanja. Gozi la ngozi lilikunywa maji, na mvua ikinyesha likawa zito kweli kweli. Viwanja vingi viligeuka tope kufikia katikati ya msimu. Ukimwona mtu anapiga chenga tatu juu ya tope lile bila mpira kumtoka mguuni, usiulize kwa nini hakimbii. Uliza amewezaje.

Ya tatu ni sheria. Hadi mwaka 1992 mlinda lango aliruhusiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Timu iliyoongoza iliweza kuupumzisha mchezo ilivyotaka. Mwendo wa kasi tunaoujua leo umeletwa kwa kiasi kikubwa na badiliko hilo moja.

Na ya nne, ambayo ni nzito kuliko zote, ni mateke. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970, na ni katika mashindano hayo hayo ndipo timu ziliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuingiza mchezaji wa akiba. Kabla ya hapo, aliyeumizwa alibaki uwanjani akichechemea. Tazama Brazil na Ureno mwaka 1966, mjini Liverpool. Beki Morais anampiga Pelé dafrau, na kabla hajasimama sawasawa anamkata tena. Refa hamtoi nje beki huyo. Pelé anamaliza mchezo akiwa mguu mmoja, Brazil inafungwa 3-1 na kutolewa. Anayesema wa zamani hawakukabwa, aitazame hiyo kwanza.

EUSÉBIO APINDUA MEZA

Siku nne tu baadaye, tarehe 23 Julai 1966, katika uwanja huo huo wa Goodison Park, Ureno ilikutana na Korea Kaskazini katika robo fainali. Wakorea walikuwa wamekwisha kuing'oa Italia. Dakika ya kwanza walifunga. Kufikia dakika ya 25 walikuwa wanaongoza 3-0, na watu wa Liverpool wakawa wanawashangilia wageni hao kama timu yao ya nyumbani.

Mchezo huu ndio ningempa kijana yeyote kuwa somo la kwanza. Eusébio alifunga dakika ya 27, akafunga kwa penalti kabla ya mapumziko, akasawazisha dakika ya 56, na dakika tatu baadaye akaongeza penalti nyingine aliyoipata baada ya kukatwa akiwa mbioni kuelekea langoni. José Augusto akafunga la tano. Ureno 5, Korea Kaskazini 3.

Katika kipande kifupi utaona mabao manne. Katika filamu nzima utaona jambo kubwa zaidi. Baada ya bao la kwanza Eusébio hashangilii. Anaingia wavuni, anauchukua mpira, anakimbia nao hadi katikati ya uwanja. Ureno bado iko nyuma 3-1, na wenzake wameinamisha vichwa. Kwa kitendo hicho cha sekunde chache anawaambia kwamba mchezo haujaisha. Ndipo unapoelewa kwamba ukuu wa mchezaji hauko mguuni peke yake.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo, nchini Msumbiji. Nahodha wake, Mário Coluna, alikuwa mzaliwa wa Msumbiji vile vile. Mwaka huo Afrika huru haikuwa na timu hata moja huko Uingereza, kwa kuwa nchi zetu zilisusia mashindano kupinga uamuzi wa FIFA kwamba bingwa wa Afrika apambane kwanza na bingwa wa Asia kabla ya kupata nafasi. Nako nyumbani kwa kina Eusébio, vita vya ukombozi vya FRELIMO vilikuwa vimekwisha kuanza tangu 1964. Kwa hiyo mfungaji bora wa mashindano yale, mwenye mabao tisa, alikuwa mwana wa Afrika aliyevaa jezi ya mkoloni, katika mashindano ambayo Afrika iliyasusia. Picha za rangi moja zile zina historia nzima ndani yake, kwa anayetaka kuisoma.

ALIYOYAKOSA PELÉ

Nitaje na Mexico 1970, Kombe la Dunia la kwanza kuonyeshwa kwa rangi. Ajabu ya Pelé katika mashindano yale ni kwamba baadhi ya mambo yanayokumbukwa sana ni aliyoyakosa. Katika nusu fainali dhidi ya Uruguay anapenyezewa mpira, mlinda lango Mazurkiewicz anatoka kumkabili, naye Pelé anauacha mpira upite upande mmoja bila kuugusa, yeye anapita upande wa pili. Anaukuta nyuma ya kipa, anapiga, unatoka nje kidogo. Halikuwa bao. Lakini ni wangapi walioliwaza jambo kama hilo kabla yake?

Kisha tazama bao la nne la fainali dhidi ya Italia, tarehe 21 Juni. Watu hukumbuka shuti la Carlos Alberto. Mimi nasema anza kutazama mapema. Clodoaldo anawapiga chenga Waitalia wanne katika nusu yake mwenyewe. Jairzinho, ambaye ni winga wa kulia, amehamia kushoto, na beki Facchetti amemfuata kama kivuli, akiacha upande wake wazi. Mpira unamfikia Pelé. Anasimama, anatulia, kisha anausukuma polepole kulia, mahali ambapo katika picha hakuna mtu. Mara Carlos Alberto anaingia kwenye picha akiwa mbioni, na mpira uko wavuni. Kamera haikumwona. Pelé alikuwa na habari zake. Polepole ile ndiyo vijana wanaiita uzito. Mimi naiita akili.

YA KWETU YAKO WAPI?

Hapa ndipo penye uchungu. Hata Pelé, mtu aliyepigwa picha kuliko wengi duniani, bao alilolihesabu kuwa zuri kuliko yote halina filamu. Alilifunga Agosti 1959 mjini São Paulo dhidi ya klabu ya Juventus ya huko, akiinua mpira juu ya vichwa vya wapinzani wake, kipa akiwa wa mwisho, na kumalizia kwa kichwa. Wabrazili walipotengeneza filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2004, waliwauliza walioliona, kisha wakalichora bao hilo upya kwa kompyuta. Hawakukubali lipotee.

Sasa tujiulize kuhusu Kadenge. Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi wenye seti walikuwa wachache. Redio ndiyo iliyokuwa uwanja wetu. Msemo wa "Kadenge na mpira" unajulikana hata kwa watoto ambao baba zao hawakumwona akicheza. Lakini mchezo wake mzima, dakika tisini, mimi sijapata kuuona popote. Tumerithi jina na sauti, miguu hatukurithi. Hata ushindi wa Gor Mahia wa mwaka 1987, ilipotoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi, ikatwaa kombe la Afrika kwa mabao ya ugenini, wengi wetu tunaujua kwa kusimuliwa kuliko kwa kuutazama.

Si Kenya peke yake. Kanda zilikuwa ghali, na hata BBC ya Uingereza ilifuta nyingi ili irekodi mambo mengine juu yake. Lakini wenzetu walizinduka, wakaanza kukusanya kilichobaki. FIFA yenyewe ilianza mwaka 2022 kuiweka michezo mingi ya zamani ya Kombe la Dunia mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitazama bila malipo. Sisi tulikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN mwaka 2025 pamoja na Tanzania na Uganda, na nchi zetu tatu zimepewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tunajenga viwanja na kupaka rangi majukwaa. Je, mgeni akiuliza tumuonyeshe waliotutangulia, tutamuonyesha nini?

Kazi hii haihitaji mabilioni. Kanda na filamu zilizomo katika maghala ya utangazaji zihesabiwe na kuhamishiwa kwenye mitambo ya kisasa kabla hazijaoza. Picha zilizomo majumbani mwa wachezaji wa zamani zinakiliwe, kisha zirudishwe kwa wenyewe. Na wazee waliowaona wakicheza, ambao wengi wana miaka sabini na themanini, wahojiwe sasa. Wabrazili walilipata lile bao la 1959 kwa kuwa waliwahi kuwauliza watu kabla hawajafa.

Kwa vijana nina ombi moja tu. Chagua mchezo mmoja wa kale, Ureno na Korea Kaskazini ukipenda, uutazame dakika zote tisini bila kurukia mabao. Usimtazame mwenye mpira peke yake. Mtazame na asiyekuwa nao. Ukimaliza, kama bado waona Eusébio alikuwa mzito, basi njoo tubishane. Wakati huo tutakuwa tumeona mchezo mmoja.